Gurudumu la Mkono Linapokosa Utii: Somo kwa Vyama vya Mafundi wa Mbao na Chuma



Pwani yetu, tangu Kunduchi na Bunju hadi Bagamoyo mjini, ina historia ndefu ya ufundi wa mbao. Milango ya nakshi ambayo bado yaonekana katika nyumba za kale za Bagamoyo ilichongwa kwa patasi na nyundo, na mkono wa fundi ndio uliokuwa kiongozi wa kila mkato. Siku hizi kazi ya namna hiyo, pamoja na ukerezaji wa chuma, yaweza kufanywa na mashine inayoongozwa na kompyuta. Mashine hiyo ni ghali, na fundi mmoja mmoja ni vigumu kuimudu. Ndiyo maana mafundi huona faida ya kuchanga mtaji na kuimiliki kwa pamoja katika chama chao.

Lakini mali ya pamoja huhitaji ujuzi wa pamoja. Somo hili lahusu hitilafu moja tu: gurudumu la mkono likizungushwa, mashine husita, huruka, hurudi nyuma, au husogea pasipo kuamriwa. Hitilafu hii huharibu ubao wa mninga uliokwisha fanyiwa kazi siku nyingi, huhatarisha vidole vya fundi, na aghalabu hukifanya chama kinunue spea ambayo haikuhitajika. Kusudi letu ni kuonyesha kwamba chanzo chake hupatikana kwa kuhesabu na kulinganisha, wala si kwa kubahatisha.

1. GURUDUMU LA MKONO HUFANYA KAZI GANI?

Katika mashine za zamani za kukereza, gurudumu la mkono limeungwa na skrubu ndefu inayosukuma meza. Fundi akizungusha, chuma husukuma chuma. Katika mashine ya kompyuta hakuna muungano huo. Gurudumu ni dogo, mara nyingi limo katika kisanduku cha kushika mkononi chenye kebo ndefu, na kazi yake ni kutoa mapigo ya umeme tu. Kompyuta huyahesabu mapigo hayo, kisha huiamuru mota isogeze meza au kichwa cha mashine.

Magurudumu mengi yana vituo 100 katika mzunguko mmoja, navyo huhisiwa na mkono kimoja kimoja. Kila kituo ni hatua moja. Pamoja na gurudumu zipo swichi mbili. Ya kwanza huchagua mhimili, yaani upande wa mwendo: X, Y au Z. Ya pili huchagua ukubwa wa hatua: 1, 10 au 100. Katika mashine nyingi zinazotumia vipimo vya milimita, alama ya 1 ni milimita 0.001 kwa kila kituo, 10 ni milimita 0.01, na 100 ni milimita 0.1. Kwa hiyo mzunguko mmoja kamili huisogeza mashine milimita 0.1, milimita 1 au milimita 10. Hesabu hii ndiyo mizani yetu katika somo lote.

Yapo mapigo ya njia mbili, A na B. Mfano wake ni watu wawili wapitao mlangoni wakifuatana: akitangulia A, kompyuta hufahamu kwamba mwendo ni wa mbele, akitangulia B, hufahamu kwamba ni wa nyuma. Waya wa njia moja ukikatika, kompyuta huhesabu moja mbele na moja nyuma, na matokeo yake ni meza kutetemeka mahali pamoja bila kwenda popote.

2. USALAMA KABLA YA UCHUNGUZI

Mashine isiyotii gurudumu ni mashine isiyoaminika. Kabla ya jaribio lolote, ondoa kisu cha kukatia, ondoa kazi mezani, inua kichwa cha mashine, na anza na hatua ndogo kabisa. Mtu wa pili asimame karibu na kitufe chekundu cha dharura. Kabati la umeme lisifunguliwe ila na fundi umeme mwenye sifa, baada ya swichi kuu kuzimwa na kufungwa kwa kufuli. Hata hapo yampasa kusubiri kwa muda ulioandikwa juu ya kifuniko cha inveta, kwa kuwa ndani yake umeme hubakia ingawa swichi imezimwa.

3. HATUA TANO ZA UCHUNGUZI

Hatua ya kwanza: linganisha gurudumu na vitufe. Isogeze mashine kwa vitufe vya mwendo vilivyo kwenye ubao wa mashine. Ikienda sawasawa kwa vitufe lakini ikaruka kwa gurudumu, basi mota na skrubu si watuhumiwa wakuu. Tatizo liko katika gurudumu, swichi, kebo, au mahali kebo inapoingia katika kompyuta. Ikiruka kwa njia zote mbili, tafuta upande wa mota, mkanda, skrubu na ulainishaji.

Hatua ya pili: hesabu. Chagua mhimili X na hatua ya 10. Weka sifuri kwenye kioo. Zungusha polepole mizunguko 10 kamili. Kioo kionyeshe milimita 10.000. Rudisha mizunguko 10. Kioo kirudi sifuri. Wakati huohuo weka saa ya kupimia dhidi ya meza. Kioo kikikosea, mapigo yanapotea au yanaongezeka kabla ya kufika katika hesabu ya kompyuta. Kioo kikiwa sahihi na saa ya kupimia ikakosea, kosa liko mbele ya kompyuta, katika mota au viungo vya chuma. Tofauti ikijitokeza tu pale unapogeuza mwendo, hiyo ni dalili ya mlegeo wa skrubu na nati. Rudia jaribio hili kwa kila mhimili, na uandike.

Hatua ya tatu: chunguza mwendo wa mkono. Si kila mruko ni ugonjwa. Tuchukue hatua ya 100. Fundi akizungusha mara 3 kwa sekunde, anaagiza milimita 30 kwa sekunde, sawa na milimita 1,800 kwa dakika. Ikiwa mashine imewekewa kikomo cha milimita 1,000 kwa dakika, haiwezi kumfuata. Baadhi ya kompyuta huyatupa mapigo yaliyozidi. Nyingine huyaweka akiba, na mashine huendelea kusogea baada ya mkono kusimama. Mwongozo wa kompyuta za Fanuc za Ujapani huagiza kwamba gurudumu lisizidi mizunguko 5 kwa sekunde. Hitilafu ikitoweka unapozungusha polepole, dawa yake ni mafunzo kwa mwendeshaji.

Hatua ya nne: kagua kebo na swichi. Kompyuta nyingi za mashine zina ukurasa unaoonyesha hali ya kila waya unaoingia, kwa 0 na 1. Fungua ukurasa huo, geuza swichi taratibu, kisha tikisa kebo hasa pale inapoingia katika kisanduku, kwa kuwa hapo ndipo hupindwa kila siku. Alama ikicheza bila swichi kuguswa, umempata mhalifu. Kisha fundi umeme apime nguvu inayolisha gurudumu. Magurudumu mengi hutumia volti 5. Zikipimwa kwenye gurudumu lenyewe na kuonekana zimeshuka sana chini ya kiasi kilichotajwa katika mwongozo, huenda kebo ni ndefu mno, imeoza, au kiungo kimelegea.

Hatua ya tano: washa na zima mota ya kisu. Gurudumu likitulia mota ikiwa imezimwa, na kuchafuka mara mota inapowashwa, basi umeme wa inveta unaingilia mapigo. Hakikisha kwamba wavu wa kinga uliozunguka kebo umeungwa na waya wa ardhi kama mwongozo unavyoagiza. Kebo ya gurudumu isifungwe pamoja na kebo ya mota. Na pale zinapolazimika kukutana, zivukane kwa pembe mraba.

4. MFANO WA KUTAFAKARI

Tuseme chama kimepokea taarifa kwamba gurudumu limeharibika na linunuliwe jipya. Majaribio yanaonyesha hivi: Y na Z huenda sawasawa kwa gurudumu, X huruka, lakini X huenda vizuri kwa vitufe. Tufikiri pamoja. Gurudumu ni moja kwa mihimili yote mitatu. Kama lingekuwa bovu, Y na Z zingeruka pia. Na kama skrubu au mota ya X ingekuwa mbovu, X ingeruka hata kwa vitufe. Kinachobaki ni njia ya kuchagua X, yaani mguso wa swichi au waya wake. Hapo kinachotakiwa ni kusafisha mguso, kuunga waya upya, au kubadili swichi ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya gurudumu zima. Majaribio mawili yasiyo na gharama yamekinusuru chama na ununuzi usio na maana.

5. ADUI WA PWANI: CHUMVI, UNYEVU NA VUMBI

Kila mkazi wa Bagamoyo ajua jinsi mabati yanavyoliwa na hewa ya bahari. Hewa hiyohiyo huingia ndani ya kisanduku cha gurudumu. Unyevu wenye chumvi huitia miguso ya shaba kutu ya kijani. Umeme hupita kwa shida, na mara hukatika. Karakana ya mbao huongeza vumbi laini, ambalo hunywa unyevu na kugandamana. Kwa hiyo hitilafu inayozidi asubuhi au wakati wa masika, kisha ikapungua jua likiwaka, huelekea kuwa ya mguso au kebo.

Kinga ni rahisi. Kisanduku kisiachwe sakafuni wala dirishani panapoelekea bahari. Mpira wa kuziba kifuniko ubadilishwe unapopasuka. Miguso isafishwe kwa dawa maalumu ya viungo vya umeme, mashine ikiwa imezimwa, wala si kwa petroli au mafuta ya taa. Hewa ya pampu isielekezwe ndani ya kisanduku, kwa sababu husukuma vumbi na maji ndani zaidi.

6. WAJIBU WA BODI NA WANACHAMA

Fundi hufanya uchunguzi, lakini fedha ni za wanachama. Yafaa basi kila mashine iwe na daftari lake. Humo yaandikwe tarehe, hali ya hewa, mhimili uliosumbua, hatua iliyochaguliwa, kipimo cha kioo na kipimo cha saa. Ombi la kununua spea lisipelekwe mbele ya Bodi bila ukurasa wa daftari unaoonyesha matokeo ya hatua zote tano. Kwa utaratibu huu hata mjumbe asiyejua umeme ataweza kuuliza swali la haki: je, mliilinganisha na vitufe? Je, mlihesabu mizunguko?

Elimu ni kanuni ya tano katika kanuni saba za ushirika zilizothibitishwa na Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika mwaka 1995. Kanuni hiyo haitimizwi kwa mikutano peke yake. Hutimizwa pia pale mwanachama anapojua kwa nini mashine yake imekataa kutii.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA KIKUNDI

1. Gurudumu lina vituo 100, na swichi iko kwenye 10. Umezungusha mizunguko 4 kamili. Kioo kionyeshe milimita ngapi?

2. Kioo chaonyesha milimita 10.000, lakini saa ya kupimia yaonyesha 9.700 katika mwendo wa upande mmoja. Je, ni busara kununua gurudumu jipya? Toeni sababu.

3. Mihimili yote mitatu hutetemeka mahali pamoja bila kusogea. Ni waya zipi zichunguzwe kwanza?

4. Taja mambo matatu katika karakana yenu yanayoweza kuingiza chumvi au vumbi katika vyombo vya umeme, na nani atakayeyarekebisha kabla ya masika.