Presha ya Kushuka kwa Mama Mjamzito: Kijitabu cha Nyumbani

Kijitabu hiki hakikuandikwa kwa ajili ya mama mjamzito peke yake. Ni cha mume pia, cha mama mkwe, cha wifi, na cha jirani anayeitwa kwanza mama anapoanguka uani. Hao ndio wanaoamua papo hapo apewe nini na apelekwe wapi, na wengi huamua kwa mazoea: chumvi chini ya ulimi, soda, au kidonge cha presha kilichobaki kwenye pakiti ya babu. Chumvi ile haimfai kitu. Soda humpa nafuu ya muda mfupi kwa sababu ya maji na sukari iliyomo. Kidonge cha babu ni hatari kabisa, maana kazi yake ni kushusha presha, na ya mama huyu iko chini tayari.

Namba mbili kwenye kadi

Kila hudhurio la kliniki, presha ya mama hupimwa na kuandikwa kwenye kadi kwa namba mbili, kwa mfano 110/70. Ya kwanza ni msukumo wa damu moyo unapopiga. Ya pili ni msukumo unaobaki moyo unapotulia kati ya pigo na pigo. Ikiwa chini ya 90/60, huitwa presha ya kushuka. Ikifika 140/90 au zaidi, hiyo ni presha ya kupanda, ambayo ni shida nyingine kabisa yenye matibabu yake, na kwa mjamzito ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Namba peke yake haimfanyi mtu mgonjwa. Wapo wanawake, hasa vijana na wembamba, ambao 88/58 ndiyo kawaida yao. Wanalima, wanachota maji, kizunguzungu hawakijui. Mwingine aliyezoea 125/80 anaweza kulegea ikifika 100/60. Ndiyo maana inafaa kuwahi kliniki kabla ya wiki ya 12: kipimo cha kwanza ndicho kitakacholinganishwa na vyote vinavyofuata. Mama asione haya kuuliza, "Nesi, leo presha yangu ngapi?" Kadi ni yake, na namba iliyoandikwa bila kuelezwa haimsaidii akifika nyumbani.

Kipimo nacho huweza kudanganya. Mama aliyeshuka daladala mbiombio akawahi foleni, presha yake husomeka juu kuliko ilivyo. Aliyelazwa chali tumbo likiwa kubwa, husomeka chini. Akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu ikanyage sakafu, mkono uwe usawa wa moyo, apumzike dakika 5, asizungumze mashine inapojaa upepo. Akibanwa na mkojo aende kwanza chooni. Wenye mashine nyumbani wafuate utaratibu huohuo na kuandika namba na saa kwenye daftari. Kupima kila saa kwa wasiwasi hakumsaidii mtu.

Kwa nini hushuka

Mimba ikishatunga, mwili hutoa homoni zinazolegeza kuta za mishipa ya damu. Mishipa hupanuka ili damu ya kutosha ifike kwenye kondo la nyuma na kwa mtoto. Damu yenyewe huongezeka pia, na kufikia mwezi wa nane mama anaweza kuwa amezidisha karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo kabla. Lakini mishipa hutangulia kupanuka, damu ikafuata taratibu, kwa hiyo msukumo hupungua. Kwa wengi hali hii huanza miezi ya mwanzo, hufika chini kabisa mnamo mwezi wa tano au wa sita, kisha presha hurudi polepole ilikokuwa kabla ya ujauzito. Familia nyingi hushtuka mara mbili bila sababu: inaposhuka, na tena inaporudi. Kurudi kwenye kawaida yake si kupanda. Ikifika 140/90 hapo ndipo pa kushtuka.

Juu ya maumbile hayo huongezeka mambo ya kila siku. Kutapika na kuharisha hupoteza maji. Joto la Dar es Salaam, Tanga au Lindi kati ya Desemba na Machi hutanua mishipa zaidi. Kusimama muda mrefu, iwe jikoni, sokoni au ndani ya daladala iliyojaa, huifanya damu ituame miguuni. Njaa nayo, kwa mama aliyetoka alfajiri bila kutia kitu mdomoni, huleta kizunguzungu hata kama presha ni nzuri, kwa kuwa sukari mwilini imeshuka.

Kisha kuna kulala chali. Kuanzia kama wiki ya 20, mfuko wa uzazi huwa mzito kiasi cha kukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo kutoka miguuni na kiunoni. Mama akilala chali, dakika chache baadaye anatokwa jasho jembamba, moyo unakwenda mbio, anahisi kichefuchefu na kuona giza. Wapo waliodhani wamekabwa na jinamizi wakaombewa usiku kucha, na kumbe kugeukia ubavu kungetosha. Upande wa kushoto ndio bora, kwa sababu mshipa huo hupita kulia mwa uti wa mgongo. Aliyezinduka usiku akajikuta chali asiwe na hofu kwamba amemdhuru mtoto. Ageuke tu, aweke mto au kanga iliyokunjwa nyuma ya mgongo, alale.

Damu na presha ni mambo mawili

Hapa ndipo nyumba nyingi hupotea njia. Mama akirudi na habari kwamba presha imeshuka, mkwe husikia damu imepungua. "Mwanangu, damu imekuisha, kunywa rozela." Anasema kwa upendo, lakini amechanganya vipimo viwili.

Wingi wa damu hupimwa kwa tone la kidoleni. Kwa mjamzito, chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu, na chini ya 7 ni upungufu mkali. Presha hupimwa kwa mashine ya mkononi. Mama anaweza kuwa na damu ya kutosha na presha ya chini, au presha nzuri na damu haba, au akawa na shida zote mbili. Dalili zinafanana: uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio. Kwa kumtazama macho au viganja huwezi kuwa na uhakika, kwa hiyo apimwe vyote viwili.

Rozela imepata sifa ya kuongeza damu kwa sababu ya wekundu wake. Utafiti umeonyesha kwamba kwa watu wenye presha ya kupanda, huishusha. Juisi ya bitiruti pia huelekea huko. Kwa hiyo mama mwenye presha ya kushuka anayenyweshwa majagi ya rozela anasogezwa kulekule anakokimbia. Sisemi kwamba glasi moja ya sikukuu ni sumu, nasema isifanywe dawa.

Kinachojenga damu ni madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Ndivyo vilivyomo kwenye vile vidonge vya kliniki vinavyoitwa fefo. Vimezwe kila siku, hata na anayejiona mzima. Vikileta kichefuchefu, ameze usiku baada ya kula. Choo kikiwa cheusi asitishike, ni chuma hicho. Chakula husaidia: dagaa, samaki, nyama, maharage, choroko, mchicha na matembele, na limau la kukamulia au chungwa pembeni ili mwili uvute chuma cha mboga vizuri zaidi. Chai na kahawa zisubiri saa moja au mbili baada ya chakula, kwa kuwa huzuia chuma kufyonzwa, na desturi yetu ya kushushia kila mlo kwa chai ya rangi inatugharimu damu nyingi.

Udongo, ile pemba inayouzwa kwenye visahani sokoni, hunasa chuma tumboni kabla mwili haujakichukua, na unaweza kuwa na risasi au mayai ya minyoo. Lakini mjamzito mwenye hamu hiyo asichekwe. Mara nyingi hamu ya udongo huandamana na upungufu wa chuma, na nesi akiambiwa atajua apime nini.

Fefo nayo haipandishi presha. Kwa kawaida presha ya kushuka ya mjamzito haina kidonge. Hutibiwa chanzo chake. Kama ni malaria, itibiwe malaria. Kama ni kutapika kusikokoma, atapewa maji ya dripu. Na kama mama alikuwa na presha ya kupanda na sasa dawa imeshusha kupita kiasi, arudi kliniki abadilishiwe dozi; asiache mwenyewe, wala asijipunguzie.

Kuishi nayo

Dawa kubwa ni maji. Glasi 8 hadi 12 kwa siku ni kipimo kizuri, na zaidi wakati wa joto. Hesabu ikimshinda atazame mkojo: wa njano iliyokolea unadai maji. Uji, supu, madafu na maziwa vyote vinahesabika. Anayetapika sana anywe kidogo kidogo, funda kwa funda, na akiharisha achanganye maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, kwa vipimo vilivyoandikwa.

Ale kidogo mara nyingi. Sahani kubwa ya ugali au wali huvuta damu tumboni na kumwacha amelegea. Viazi, ndizi mbivu, karanga au andazi vikiwa ndani ya mkoba, safari ya kliniki haitamshinda. Chumvi ya kawaida ya mboga inatosha: asizidishe, na asiikate.

Kuinuka kuna adabu yake. Kutoka kitandani, ageukie ubavu, akae ukingoni, achezeshe vifundo vya miguu, avute pumzi chache, ndipo asimame akiwa ameshika kitu. Akilazimika kusimama mahali pamoja, asisimame kama mlinzi wa getini; ainue visigino na kuvishusha, abadilishe miguu, apitishe mguu mmoja mbele ya mwingine na kukaza mapaja. Misuli ikijikaza husukuma damu kwenda juu. Ndani ya daladala aombe kiti, na kijana aliyekaa ampishe bila kuombwa. Kuni na ndoo za maji zitafutiwe mtu mwingine, hasa miezi ambayo kizunguzungu kimemkaba. Presha ya kushuka isiyo na ugonjwa nyuma yake kwa kawaida haimdhuru mtoto. Kinachoumiza ni kuanguka: jikoni penye moto, kisimani, ngazini, kwenye pikipiki.

Ramadhani, mjamzito ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Mwenye presha ya chini anayeanza kuona giza mchana asisubiri magharibi. Afungue.

Akizimia

Mlaze kwa ubavu wa kushoto, si chali. Inua miguu yake kwa mto, legeza nguo kifuani na kiunoni, watu wasogee apate hewa. Usimmwagie ndoo ya maji, usimpe kinywaji mpaka amezinduka na anaweza kukaa na kumeza. Kuzimia kwa kawaida huisha ndani ya dakika moja. Akizinduka asikurupuke, abaki amelala dakika 10 au 15, anywe, ale kitu, na siku hiyohiyo au kesho yake apelekwe kliniki. Kama ameangukia tumbo, au mtoto hachezi kama alivyozoea, ni leo, si kesho. Kama alikuwa anarusha mikono na miguu au amekakamaa, huenda ni kifafa cha mimba. Hicho huandamana na presha ya kupanda, na kila dakika ina thamani.

Wakati wa kutosubiri mashine

Mwanamke mjamzito mwenye afya anaweza kupoteza damu nyingi sana kabla mashine haijaonyesha kwamba presha imeshuka. Mishipa yake hujibana na moyo huongeza kasi, kwa hiyo namba inabaki nzuri mpaka nguvu ziishe, kisha inaporomoka ghafla. Kwa anayetoka damu, presha ya chini ni habari iliyochelewa. Mtazame yeye: ngozi ya baridi yenye jasho, midomo iliyopauka, mapigo mepesi ya haraka, kuhema, kuchanganyikiwa, mkojo kupungua.

Katika miezi mitatu ya kwanza, kizunguzungu pamoja na maumivu ya tumbo la chini, hasa upande mmoja, au maumivu ya ncha ya bega, huweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi na kupasuka. Damu inaweza isionekane nje kabisa. Mimba ikiwa kubwa, tumbo linalouma bila kuachia na kuwa gumu kama ubao ni ishara ya kondo kubanduka, na hapo pia damu inaweza kujificha ndani. Homa kali na kutetemeka, maji ya uzazi yenye harufu mbaya, kifua kuuma au kushindwa kupumua: yote hayo, yakiandamana na kulegea, ni safari ya hospitali, si ya duka la dawa. Baada ya kujifungua hatari haijaisha. Mzazi anayelowesha pedi moja baada ya nyingine na kusema anaona giza arudishwe haraka, hata kama ni usiku na hata kama aliruhusiwa jana.

Nchini Tanzania, usafiri wa dharura wa wajawazito na waliojifungua huombwa kupitia mpango wa m-mama kwa kupiga 115 bila malipo, na pale ambapo hakuna gari la wagonjwa hutumwa dereva wa jamii. Andika namba hiyo ukutani kwa maandishi makubwa, pamoja na namba ya dereva wa mtaa anayepokea simu usiku na jina la atakayebaki na watoto. Kadi ya kliniki ikae mahali ambapo hata mtoto wa shule anaweza kuichukua.