Maswali na Majibu: Injini za Rota na Giaboksi za Rafadha

Marudio kwa mafundi wanafunzi wa ndege ndogo, Diani

Swali 1: Kwa nini injini ndogo hufungiwa giaboksi kati yake na rafadha?
Jibu: Injini ndogo hupata nguvu kwa kuzunguka mbio. Rotax 912 ULS hufika mizunguko 5,800 kwa dakika. Rafadha ya kipenyo cha mita 1.7 ikifungwa moja kwa moja, ncha zake zingekwenda mita 516 kwa sekunde, ilhali kwenye joto la Diani sauti yenyewe husafiri takriban mita 349. Hapo kelele huzidi na msukumo hupotea. Giaboksi ya uwiano wa 2.43 hushusha rafadha hadi mizunguko 2,387, na ncha hadi mita 212. Ifanye hesabu hii kwa mkono wako. Hupendwa sana na watahini.

Swali 2: Ukiona giaboksi, je, injini ni ya rota?
Jibu: Hapana. Rotax ni ya pistoni. Hata Cessna Caravan zinazotua Ukunda zina giaboksi: turbini huzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika, rafadha 1,900. Tazama mwili wa injini. Ya rota, mfano Mazda 13B iliyotolewa kwenye gari, haina silinda zilizochomoza. Ni sahani nene zilizobanwa pamoja kwa bolti ndefu, na kila rota ina plagi mbili upande mmoja.

Swali 3: Shafti ya 13B inazunguka mara 6,000 kwa dakika, uwiano wa giaboksi ni 2.85. Rafadha je?
Jibu: 2,105. Usigawanye kwa 3 kwanza! Ni kweli shafti huzunguka mara tatu rota ikizunguka mara moja, lakini giaboksi hufungwa kwenye shafti.

Swali 4: Utaitambuaje giaboksi bila kuifungua?
Jibu: Simama ubavuni mwa ndege. Rafadha ikikaa juu ya mstari wa krenki, kama kwenye Rotax, ni gia mbili zinazoumana, nazo hugeuza mwelekeo wa mzunguko. Mkanda pia huhamisha mstari, ila haugeuzi mwelekeo. Gia za sayari huiacha rafadha katikati.

Swali 5: Injini ya Gnome ya ndege za Sopwith zilizopelekwa kuisaka manowari Königsberg huko Rufiji mwaka 1915 ilikuwa ya rota?
Jibu: Si ya aina ya Mazda. Ilikuwa na pistoni, na silinda zote zilizunguka pamoja na rafadha huku shafti imetulia. Haikuwa na giaboksi.

Kwa vitendo: hakikisha swichi za kuwashia zimezimwa kabla ya kugusa rafadha, na ya Rotax usiizungushe kinyume, kwani hewa inaweza kuingia kwenye mfumo wa oili.