Taharuki Chini ya Maji: Mvuto wa Riwaya za Vita vya Nyambizi

Je, ni nini kinachomnasa msomaji wa riwaya za vita vya nyambizi? Wapo wanaodai kuwa ni silaha. Makala haya yanashikilia kwamba ni mandhari. Ndani ya nyambizi hamna dirisha wala pa kukimbilia. Adui aghalabu haonekani, husikika tu. Hivyo sikio huchukua nafasi ya jicho, na kimya chenyewe huzaa taharuki.

Lothar-Günther Buchheim alisafiri katika nyambizi ya Kijerumani U-96 mwaka 1941 akiwa mwanahabari wa vita. Katika Das Boot (1973) anawasawiri mabaharia wakitega masikio huku mabomu yakilipuka majini kuwazunguka. Msomaji hujikuta akiwahurumia watu waliotumikia utawala dhalimu. Naye Tom Clancy, katika The Hunt for Red October (1984), anamchora Marko Ramius, nahodha wa Kisovieti anayetorokea Marekani na nyambizi yake. Je, huyu ni msaliti au shujaa?

Tukiondoa chuma na mitambo, hubaki binadamu na dhamiri yake. Kwa hivyo, mwanafunzi wa fasihi asizibeze kazi hizi kuwa za kuburudisha tu. Ajiulize: mbona nimeuhofia uhai wa adui?