Boti ya Doria Haianzi na Injini

Mtu wa Singida akianza kuongelea boti za kivita, wenzake watamcheka. Bahari iko mbali, na maziwa yetu ya Singidani na Kindai hayajawahi kuona manowari. Lakini historia ina mambo. Meli Graf von Götzen, ambayo leo tunaiita MV Liemba, iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikashushwa Dar es Salaam na kupakiwa kwenye treni. Njia ya kwenda Kigoma ni Reli ya Kati, na Reli ya Kati inapita Manyoni na Itigi. Kwa hiyo meli kubwa kuliko zote za Ziwa Tanganyika ilipita mkoani kwetu ikiwa ndani ya masanduku.

Mwaka 1915, wakati Wajerumani wanaiunganisha meli hiyo Kigoma, Waingereza walikuwa wanaleta ziwani boti mbili ndogo kwa njia nyingine. Ziliitwa Mimi na Toutou. Kwa mtu anayetaka kuelewa boti za doria ziendazo kasi, hizi mbili ni darasa tosha.

Swali la kwanza: itafikaje?

Wengi tunadhani msanifu wa boti anaanza na injini. Hapana. Anaanza na kazi na mahali. Mimi na Toutou zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa treni hadi Fungurume, Katanga. Kutoka hapo hapakuwa na reli. Zilikokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, ng'ombe na mikono ya mamia ya vibarua Waafrika, waliokata miti na kujenga madaraja njia nzima. Baadaye zikashuka Mto Lualaba, zikapanda treni tena, zikafika ziwani, sehemu inayoitwa leo Kalemie.

Safari hiyo ndiyo iliyodai boti nyepesi. Boti ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi, bodi ya mbao, injini mbili za petroli za nguvu ya farasi 100 kila moja. Ingekuwa nzito zaidi, isingevuka Mitumba. Vitabu vinamtaja sana kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson. Waliovuta kamba hawatajwi majina, ila bila wao boti zile zisingefika ziwani.

Swali la pili: kasi inatoka wapi?

Hapa tuingie fizikia kidogo, msikimbie. Boti ikitembea inatengeneza wimbi lake yenyewe. Ikiongeza kasi, wimbi linarefuka mpaka linalingana na urefu wa boti. Hapo boti inakuwa kama inapanda mlima wa maji ambao haumaliziki. Kwa makadirio, chukua kipeuo cha pili cha urefu wa boti kwa mita (yaani mzizi wake), zidisha kwa 4.5, unapata kasi ya kikomo hicho kwa kilomita kwa saa.

Kwa mita 12: mzizi wake ni kama 3.5, mara 4.5 ni takriban kilomita 16 kwa saa. Lakini Mimi ilikimbia kama kilomita 35 kwa saa! Iliwezaje? Ilikuwa nyepesi na yenye nguvu kiasi cha kuanza kuinuka juu ya maji badala ya kuyalima. Hiyo ndiyo siri ya boti zote za kasi mpaka leo: uzito mdogo, nguvu kubwa, na bodi inayosaidia maji kuisukuma juu.

Swali la tatu: unalipa nini?

Kasi haitolewi bure. Mzinga mdogo wa mbele ulikuwa mzito kwa boti ile. Mpigaji alilazimika kupiga magoti, na ilibidi upigwe kuelekea mbele tu. Boti yenyewe ilikuwa na matangi ya petroli yaliyohitaji kuongezewa kinga ya chuma, maana risasi moja ingetosha kuiwasha.

Hata hivyo tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata Kingani, meli ndogo ya Wajerumani ambayo mzinga wake pia ulielekea mbele. Boti zenye kasi zilijiweka nyuma yake, basi. Tarehe 9 Februari 1916 Mimi iliifukuza Hedwig von Wissmann na kuilazimisha igeuke geuke, mpaka Kingani ile iliyotekwa, sasa ikiitwa Fifi, ikafika na mzinga mkubwa zaidi na kuizamisha. Angalieni: mwenye kasi alimchelewesha adui, mwenye mzinga akamaliza. Götzen yenyewe boti hizi hazikuigusa. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa 1924.

Kutoka hapo mpaka sasa

Kampuni ya Thornycroft iliyounda Mimi iliendelea na boti za kasi, na baadaye ikaungana na Vosper. Vosper Thornycroft ndiyo iliyoiundia Kenya KNS Nyayo na KNS Umoja miaka ya 1980: mita 57 hivi, kasi ya kilomita 74 kwa saa. Sisi Tanzania, miaka ya mwanzo ya 1970, tulipata kutoka China boti za aina ya Shanghai, mita 39, kilomita 52 kwa saa. Zote hizo zilitumia dizeli, ambayo haishiki moto kirahisi kama petroli. Na mwaka 1967 boti ndogo za Misri ziliizamisha manowari ya Israeli, Eilat, kwa makombora. Tangu hapo hakuna jeshi linaloidharau boti ndogo.

Lakini mzani ni uleule. Ukiongeza silaha, unaongeza uzito. Ukiongeza mafuta ili ukae doria siku nyingi, unapunguza kasi. Bodi bapa inakimbia vizuri maji yakitulia, ila kwenye mawimbi inawapigapiga mabaharia. Ya umbo la V inapasua mawimbi, nayo inadai nguvu zaidi. Boti ya kukimbiza wavuvi haramu ziwani siyo ya kukaa wiki nzima nje ya Mtwara, na nchi ikinunua kwa kuangalia kasi tu, fedha ya umma na maisha ya vijana vinakuwa rehani.

Kwa wenzangu tunaojiandaa kwenda mazoezi ya ufundishaji: mada ya kuelea na msuguano ikifika, acheni mfano wa kizibo kwenye beseni peke yake. Wapeni wanafunzi hesabu hii: tafuteni kikomo cha wimbi kwa boti ya mita 39 na ya mita 57, mlinganishe na kasi zilizotajwa hapo juu, kisha mjibu kila moja imelipa nini ili kukivuka. Mtoto wa Manyoni anayeona treni ikipita kila siku ana haki ya kujua ilishawahi kubeba nini.