Machela na Turubai: Somo la Kani Katika Kamba

Machela, yaani kitanda cha kitambaa kinachotundikwa kwa kamba baina ya miti miwili, humwepusha mlalaji na unyevu na mawe ya ardhini. Shule au kundi la skauti laweza kuishona kwa gharama ndogo. Hata hivyo wengi hukosea jambo moja: huvuta kamba hadi ikanyooka kama uzi wa mwashi, wakidhani kwamba kamba iliyokazwa sana ndiyo salama. Ukweli ni kinyume cha hayo.

Pembe na mkazo

Tuchukue mwanafunzi mwenye uzito wa nyutoni 600. Kila kamba ikiwa na pembe ya digrii 30 kutoka mstari mlalo, mkazo ndani yake ni nyutoni 600. Pembe ikipungua hadi digrii 10, mkazo hupanda hadi nyutoni 1,730 hivi. Ikiwa digrii 5, hufikia nyutoni 3,440 hivi. Sababu ni kwamba sehemu ya wima ya mkazo ndiyo pekee inayobeba uzito. Kamba ikikaribia mlalo, sehemu hiyo huwa ndogo, na mkazo hauna budi kuongezeka. Hivyo kamba ya katani iliyochakaa, ambayo ingestahimili pembe ya kwanza, yaweza kukatika katika pembe ya pili, na mlalaji akaangukia mgongo.

Jaribio

Funga jiwe la kilo 1 katikati ya uzi, na kila ncha uifunge kwenye mizani ya springi. Mizani zikishikwa pamoja, kila moja itaonyesha nyutoni 5 hivi. Zitenganishe polepole: katika digrii 30 zitaonyesha nyutoni 10 hivi, na katika digrii 10, nyutoni 28 hivi.

Marekebisho manne

1. Kipimo cha pembe. Tia kwenye kamba ya machela alama mbili zilizoachana sentimita 100. Mtu akiwa amelala, alama ya juu iizidi ya chini kwa sentimita 50. Hiyo ndiyo digrii 30.

2. Kamba ya mgongo. Ikiwa machela ina urefu wa meta 3, unganisha ncha zake mbili kwa kamba imara ya meta 2.5. Kitambaa kitabonyea kwa kiasi kilekile kila mara. Kamba hii ikiwa ngumu hata haipindiki kwa vidole, legeza kamba kuu.

3. Ukanda mpana. Zungushia mti ukanda wa upana wa sentimita 5, kama vile mkanda wa kiti cha gari kuukuu. Kani ikienea katika eneo kubwa, kanieneo hupungua, na gome la mti halikatwi.

4. Turubai. Palipokosekana tundu, funika kokoto laini kwa pembe ya turubai, kisha funga kamba nyuma yake. Kipande cha tyubu ya baiskeli kikiunganishwa katika kamba hiyo kitapokea kishindo cha upepo. Tena, funga uzi wa pamba kwenye kila kamba ya machela, uning'inie. Maji ya mvua yatachuruzika chini kabla ya kumfikia mlalaji.

Usiitundike machela juu kuliko kimo cha kiti, na kagua kamba kila jioni.

Swali: Mlalaji ana uzito wa nyutoni 500, na kila kamba ina pembe ya digrii 45. Tafuta mkazo.