Kijana mwenye usonji na marafiki

Swali: Mwanangu wa miaka 15 ana usonji na hana rafiki hata mmoja. Je, mafunzo ya vijana kama yeye yanasaidia kweli? Mama, Morogoro.

Jibu: Yanasaidia, mama, hasa mzazi naye anapofundishwa. Programu ya PEERS, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, huwaweka vijana chumba kimoja na wazazi chumba kingine, saa ileile. Kijana hujifunza namna ya kuingia kwenye maongezi ya wenzake: asikilize wanaongea nini, asogee, angoje wanyamaze kidogo, ndipo aseme neno linalohusu mada hiyohiyo. Mzazi hurudi nyumbani akijua zoezi la wiki.

Katika utafiti wa programu hiyo wa 2009, waliofunzwa waliwaalika wenzao nyumbani mara nyingi zaidi kuliko waliokuwa bado wanangoja zamu. Hata hivyo walikuwa vijana 33 tu, wote wenye kuzungumza vizuri, na si kila kijana mwenye usonji yuko hivyo. Wala mafunzo yasimlazimishe mwanao kuficha alivyo. Hilo linachosha mno.

Mtafute mwenzake mmoja anayependa anachokipenda yeye. Mwalike kwa saa moja tu.