SOMO LA MWEZI: Kuwaandaa Watoto Wetu kwa Kazi za Hesabu na Fedha



Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Nne yanapotoka, wazazi hunijia barazani na swali moja: "Mwalimu, mtoto huyu tumpeleke wapi?" Siku hizi wengi huongeza: "Mwenyewe ataka kazi ya benki." Ni neno jema. Lakini mtoto akiulizwa kazi ya benki ni nini, hujibu kuwa ni kuvaa shati jeupe na kukaa kwenye ubaridi. Basi mwezi huu tujifunze pamoja, wazazi na vijana, kazi hizi ni zipi, zinaandaliwaje, na Mkristo anazishikaje.

1. KAZI ZENYEWE

Karani wa benki hupokea na kulipa fedha dirishani. Mhasibu huandika mapato na matumizi ya shirika, shule, hospitali au duka, na kueleza mwisho wa mwaka kama kuna faida au hasara. Mkaguzi wa hesabu huja baada yake, akalinganisha maandishi na stakabadhi, na stakabadhi na mali yenyewe. Wako pia watu wa kodi, watu wa bima, na wanaopima kama mwombaji wa mkopo ataweza kuulipa.

Kazi hizi si ngeni kwetu. Benki ya Watu wa Zanzibar ilianzishwa mwaka 1966, na mwaka huohuo Benki Kuu ya Tanzania ikafungua milango yake. Hapa Pemba kila msimu wa karafuu ni shule ya hesabu. Mchumaji hulipwa kwa pishi za karafuu mbichi. Karafuu zikishakauka juu ya majamvi hupelekwa kwenye kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, zikapimwa kwa kilo na kupangwa kwa daraja, na mkulima akapewa malipo. Katikati ya pishi na kilo, kati ya mbichi na kavu, pana hesabu nyingi. Asiyejua kuandika hujikuta msimu umekwisha, fedha zimepita mkononi, wala hajui zimekwenda wapi.

2. MASOMO YA KUSHIKA

Kwanza ni Hisabati. Mtoto anayesema "Hisabati sitaki, nitasoma uhasibu" ni sawa na anayetaka uvuvi lakini hataki maji. Hatakiwi kuwa bingwa, ila asilimia, sehemu na uwiano vimkae kichwani.

Pili ni Kiingereza, maana ndiyo lugha ya mitihani yake na ya vitabu vingi vya kazi hii. Tatu ni Utunzaji wa Hesabu na Biashara, pale shule inapoyafundisha. Akifaulu kwenda Kidato cha Tano, ipo michepuo miwili ya kufikiria: Uchumi, Biashara na Uhasibu, au Uchumi, Jiografia na Hisabati.

Baada ya hapo viko vyuo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina skuli ya biashara kule Chwaka, Unguja, mahali palipokuwa chuo cha uongozi wa fedha kabla hakijaunganishwa na chuo kikuu. Dar es Salaam kipo Chuo cha Elimu ya Biashara, cha mwaka 1965, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, cha mwaka 1972. Juu ya hayo ipo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Bodi hii hutoa mitihani hatua kwa hatua mpaka cheti cha juu kiitwacho CPA. Mtu aweza kuwa kazini huku anaifanya mitihani hiyo. Kwa hiyo mzazi ambaye hana ada ya chuo kikuu leo asikate tamaa; njia ni ndefu, lakini haijafungwa.

3. ZOEZI LA NYUMBANI

Kijana asingoje chuo ndipo aanze. Chukueni daftari mfanye zoezi hili pamoja.

Vijana watano walianza biashara ya maandazi kwa mtaji wa shilingi 100,000. Walinunua unga kwa 40,000, mafuta 15,000, sukari 12,000 na kuni 8,000. Jumla ya matumizi ni 75,000. Waliuza maandazi yote. Waliolipa taslimu walileta 98,000, na waliokopa wanadaiwa 12,000.

Je, wamepata faida gani? Mauzo yote ni 110,000. Toa 75,000, faida ni 35,000.

Je, sandukuni mna shilingi ngapi? Hapa ndipo wengi hukosea. Mtaji 100,000, toa matumizi 75,000, ongeza taslimu 98,000: jumla 123,000. Fedha sandukuni zimeongezeka kwa 23,000 tu, ingawa faida ni 35,000. Zile 12,000 zimo midomoni mwa waliokula maandazi! Biashara nyingi hufa huku zina faida, kwa sababu faida yote iko kwa wadeni.

Sasa pangeni mizania. Upande mmoja andikeni mali: taslimu 123,000 na madeni ya kukusanya 12,000. Jumla 135,000. Upande wa pili andikeni mali hiyo ilikotoka: mtaji 100,000 na faida 35,000. Jumla 135,000. Pande mbili zimelingana. Utaratibu huu wa kuandika kila jambo mara mbili ulielezwa katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494 na Luca Pacioli, mtawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko. Hakuubuni yeye, wafanyabiashara walikuwa wakiutumia kabla yake. Lakini yeye aliuandika vizuri hata watu wakajifunza.

Swali la mwisho ndilo gumu. Vijana wanafungua sanduku, wanahesabu, wanakuta 118,000. Pamepungua 5,000. Wafanye nini?

4. KISA CHA MWANAFUNZI WANGU

Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mwanafunzi hodari wa hesabu kuliko wote niliopata kuwafundisha. Alipomaliza shule akapewa kutunza fedha za duka moja la ushirika. Mama yake akaugua. Akachukua kidogo sandukuni, akanuia kurudisha mwisho wa mwezi, na kweli akarudisha. Mara ya pili akachukua zaidi. Mara ya tatu hakuweza kurudisha.

Usiku mmoja alinijia nyumbani. Hakutaka fedha. Aliniuliza kama iko njia ya kuandika daftari ili pengo lisionekane. Nilikasirika. Nilimwambia nenda, uje kesho tuzungumze. Kesho yake hakuja. Alikwisha panda chombo kwenda bara, na mama yake alifariki mwanawe hayupo.

Nimelifikiri jambo hili sana. Nilimfundisha kujumlisha na kutoa. Sikumfundisha hata siku moja kusema mbele ya watu, "Fedha zimepungua, na mimi ndiye niliyezichukua." Wala sisi wakubwa hatukumwekea mwenzake wa kuhesabu naye. Tulimwachia kijana wa miaka kumi na tisa sanduku, ufunguo na daftari, vyote vitatu mkononi mwake, tukaita jambo hilo kumwamini.

5. MAANDIKO YANATUFUNDISHA NINI

Someni 2 Wafalme sura ya 12. Mfalme Yoashi aliagiza fedha zikusanywe kutengeneza hekalu, lakini miaka ikapita kazi haijafanyika. Ndipo kuhani Yehoyada akatoboa kifuniko cha sanduku, akaliweka karibu na madhabahu. Likijaa, walikuja watu wawili kuhesabu: mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Si mmoja, ni wawili. Sura hiyo husema pia kwamba wasimamizi wa kazi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu. Wako wanaolishika neno hilo peke yake ili wasiulizwe. Lakini angalieni utaratibu: sanduku lenye kifuniko na wahesabuji wawili vilitangulia, sifa ya uaminifu ikafuata.

Mtume Paulo naye, katika 2 Wakorintho sura ya 8, hakukubali kupeleka mchango peke yake. Alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, asije akalaumiwa na mtu. Kama Mtume alijilinda hivyo, sembuse kijana wetu?

Basi jibu la swali la zile 5,000 ni hili. Wasichange kimya kimya kuziba pengo, wala wasiseme maandazi yaliharibika. Waandike: "Upungufu wa fedha, 5,000." Taslimu iwe 118,000 na faida ishuke kuwa 30,000. Mizania italingana tena, 130,000 kwa 130,000, na itakuwa ya kweli. Kisha wakae waulizane.

6. LA KUFANYA MTAANI KWETU

Ninaomba Halmashauri ya Mtaa ifikiri jambo moja. Kila Jumapili sadaka ikihesabiwa, wakae pamoja na wazee wa kanisa vijana wawili wa sekondari, kwa zamu. Wahesabu, waandike, watie sahihi. Mwisho wa mwezi walinganishe daftari na stakabadhi za benki, wakisimamiwa na Mtunza Hazina. Wengine watasema watoto watajua siri za kanisa. Nami nasema, mapato na matumizi ya sadaka si siri. Tena mtoto akiona wazee wake wanakubali kuhesabiwa, hataona haya kuhesabiwa yeye.

Nanyi wazazi, kijana akija na habari kwamba fedha ulizomtuma zimepungua, msikilize kwanza, umkemee baadaye. Usimwambie aje kesho.

MASWALI YA KUZUNGUMZA
1. Kwa nini faida na fedha taslimu si kitu kimoja? Toa mfano wa msimu wa karafuu.
2. Je, kumwekea mtu mwenzake wa kuhesabu naye ni kumshuku au ni kumlinda?
3. Nyumbani kwako, mtoto anaweza kukiri kosa la fedha bila hofu? Kama hawezi, ni nani wa kuanza kubadilika?

Bwana atupe mikono safi na madaftari ya kweli. Amina.

Mwalimu Mstaafu